Kikombe cha Docteur, Koo la Citoyen Kapenda

Ninyi mliosema Mwadi atapandishwa kwenye kamyo pamoja na wenzake, mmekosa. Na ninyi mliosema Sergent Likoke atamwachilia arudi kwa samaki wake, mmekosa vilevile.

Alipandishwa kwenye jeep.

Kwa msomaji ambaye gazeti lake la wiki jana lilifungiwa karanga kabla hajalisoma, nitarudi nyuma kidogo tu, kisha tukimbie.

Kamina, mwaka wa sabini na nne, enzi ya Zaïre. Maduka ya wageni yaligawiwa wananchi, na Citoyen Kapenda akapata duka la Mgiriki pale karibu na gare ya treni. Kabla ya hapo hakuwa ameuza hata kiberiti. Ndani ya depo alikuta masanduku sita ya vikombe vya kahawa kutoka Ubelgiji, vizito, vyeupe, kila kimoja kikisifu kazi fulani kwa picha na kwa Kifaransa. Kwa notaire bora, mwandika hati. Kwa dentiste bora, daktari wa meno. Kwa pompier bora, mzima moto. Watu wa Kamina walikunywa chai yao katika vikombe vya bati, na hakuna aliyeviangalia mara mbili.

Lakini Citoyen Kapenda alikuwa pia mwenyekiti wa Komite ya Mji Safi. Mwezi uleule komite ikatangaza kwamba mtu asiye na kazi ataondolewa mjini kwa kamyo, lori la komite, na kupelekwa kulima pamba upande wa Malemba-Nkulu. Siku mbili baadaye uvumi ukaenea kwamba kwenye barrière, kizuizi cha askari barabarani, mwenye kikombe cha kazi kutoka duka la mwenyekiti hasumbuliwi. Nani aliuanzisha uvumi huo? Hakuna aliyeuliza, kwa sababu kila mtu alijua.

Masanduku sita yakaisha kwa wiki moja. Kamina ikawa na manotaire kumi na wanne na madentiste tisa, na meno ya watu yakaendelea kuuma kama zamani.

Mwadi alifika dukani mwishoni. Alikuwa mjane wa askari, mwenyeji wa Kasai, na kwa miaka minane alikuwa ameuza samaki wa kukauka kutoka Sanga kwenye kisoko cha njia ya base ya jeshi. Komite haikuhesabu samaki kuwa kazi. Hakuwa na pesa za kikombe, basi Citoyen Kapenda akakubali vikapu viwili vya samaki. Kikombe kilichobaki rafuni kilikuwa cha docteur.

Jumatano asubuhi, kwenye barrière, Sergent Likoke alikitazama kikombe, akamtazama mama, akasema apande jeep. Hapo ndipo tulipoachana.

Sasa jeep inakimbia, na Mwadi ameshika kikombe mapajani kwa mikono miwili.

Alimwuliza sergent wanakwenda wapi. Likoke alikuwa mtu wa mkoa wa Équateur, mrefu, mwenye maneno machache. Akajibu kwamba mkubwa mmoja anakaribia kufa, kwamba daktari wa mji yuko Kabongo tangu Jumatatu kwa kazi ya chanjo, na kwamba yeye ameambiwa alete docteur kabla ya saa saba au galoni zake za cheo zitang'olewa begani.

"Mukubwa gani?" aliuliza Mwadi.

"Président wa Komite. Citoyen Kapenda."

Mwadi alitamani kuruka. Lakini jeep ilikuwa mbio, na wanawake wa umri wake hawaruki kutoka jeep.

Fikiri nawe. Katika Kamina nzima kulikuwa na mtu mmoja aliyejua kwa hakika kwamba Mwadi si docteur, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyemuuzia udocteur. Na huyo ndiye mgonjwa.

Mke wa mwenyekiti aliwapokea barazani. Jina lake la ubatizo, Émerence, lilikuwa limepigwa marufuku kwenye karatasi za serikali, kama majina yote ya kizungu, lakini ndani ya nyumba na kanisani kwa Wamethodisti hakuna aliyemwita vingine. Alikuwa amesoma shule ya misheni na alikuwa kiongozi wa mama za kanisa. Aliongea na mume wake kwa Kiswahili na aliongea na Mungu kwa Kiluba, na siku ile alikuwa ameongea zaidi na Mungu.

Aliwaingiza sebuleni. Citoyen Kapenda alikuwa ameketi kwenye kiti cha ngozi cha Mgiriki, beseni chini ya kidevu. Mate yalikuwa yanamtoka bila kukoma. Abacost yake mpya, lile koti la wakubwa, ilikuwa imelowa kifuani, na macho yamekuwa mekundu kama ya mtu aliyelia, kwa sababu alikuwa amelia.

Akamwona Mwadi.

Macho yakamtoka. Akanyoosha kidole kwa Mwadi, kisha kwa kikombe, kisha akakitikisa kile kidole kwa nguvu zote. Kooni kukatoka sauti ya maji yanayochemka, basi, hakuna neno.

Mama Émerence alidhani bwana anaomba kahawa.

Sergent Likoke alisema Président anafurahi kumwona docteur.

Mwadi alikuwa ameona meza. Juu yake kulikuwa na bukari, ugali wa huko, iliyoliwa nusu, sombe ya majani ya mihogo, na kichwa cha samaki mkubwa. Kando ya sahani kulikuwa na kamba nyembamba ya katani yenye mafundo mawili. Fundo lile alilifunga yeye mwenyewe. Mwadi alifunga samaki wake wawili wawili, kwa fundo ambalo hakuna muuzaji mwingine sokoni aliyelijua.

Akauliza kama ni mwiba.

Mama Émerence alikubali. Alieleza kwamba bwana alikuwa anakula huku akisoma kwa sauti hotuba ya kesho, na alipofika mahali pa kusema mji umesafishwa, akanyamaza. Wamempa matonge makavu ya bukari ayameze. Wamempa ndizi. Jirani amempiga mgongoni hadi akaumiza mkono. Mwiba haukutoka, na sasa hawezi kumeza hata mate yake.

Wakati mke anaeleza, mume alikuwa ameivuta hotuba ile na kuigeuza nyuma. Akaandika kwa kalamu, herufi kubwa. Mwadi aliona herufi zinavyojipanga. Kapenda alimaliza, akampa mke wake karatasi, akaegemea kitini kama mtu aliyeshinda kesi.

Karatasi ilisema hivi: HUYU SI DOCTEUR. ANAUZISHA SAMAKI. KIKOMBE NILIMUUZISHA MINYI.

Mama Émerence aliisoma mara moja. Akaisoma tena, polepole.

Likoke akauliza Président ameandika nini.

"Anaandika kama anaumwa," alijibu Mama Émerence.

Kisha akamgeukia Mwadi, akamwuliza kwa sauti ya chini kikombe kile alipewa na nani. Mwadi angeweza kudanganya. Lakini alikuwa amechoka tangu asubuhi, na mwanamke aliyesimama mbele yake hakuwa na uso wa kudanganywa.

"Ku magasin ya bwana yenu, mama. Kwa vikapu mbili ya samaki."

"Vikombe njo banauzisha?"

"Bote tuliuziwa, mama. Hakuna mwenye alipewa bure."

Mama Émerence aliangalia meza. Aliangalia kichwa cha samaki.

Lazima mjue jambo moja. Kapenda alikuwa amemwambia mke wake kwamba vikombe ni zawadi ya komite kwa wafanyakazi, na samaki ni shukrani ya watu. Na Jumapili iliyopita Mama Émerence alisimama mbele ya mama wote wa kanisa akalisema hilo kwa kinywa chake, akawaomba wamwombee mume wake kwa wema wake. Mama wale walikuwa wameinamisha vichwa. Yeye alifikiri wanaomba. Sasa alielewa kwamba walikuwa wanaficha nyuso.

Alikunja karatasi mara nne, akaiweka kifuani ndani ya blauzi.

"Toa mwiba, docteur," akasema.

Kitini, Citoyen Kapenda aliacha kutabasamu.

Mwadi aliomba maji ya moto, sabuni, kijiko kirefu na pince ndogo ile ambayo wanawake wanatengenezea nyusi. Pince ilichemshwa. Alinawa mikono hadi viwiko, polepole, na kunawa huko kulimpa nafasi ya kufikiri.

Alikuwa anafikiria kamyo. Ilisimama gare na watu thelathini na wanane juu yake, watu wa kisoko chake karibu wote, na ingeondoka saa tisa. Sasa ilikuwa saa saba na nusu. Alikuwa anafikiria pia kwamba mwiba ukibaki, mtu huyu hawezi kumshitaki. Mwiba ukitoka, neno lake la kwanza litakuwa jina la gereza.

Lakini kumbuka Mwadi alikuwa nani. Alikuwa ametoa miiba kwenye koo za watoto wake wanne, na kwenye koo la marehemu mume wake, ambaye hakujifunza hata siku moja kula samaki bila kuongea. Aliona mtu mzima ameketi na machozi na beseni. Samaki alikuwa wake. Hakuweza kumwacha hivyo, na hilo lilimuudhi.

Alimgeuza kuelekea dirishani ili mwanga uingie kinywani. Likoke alishika kichwa. Mwadi aliagiza mdomo ufunguliwe, akaukandamiza ulimi kwa kijiko, na Citoyen Kapenda akamng'ata kidole.

Alianza tena. Mara hii alimwongelesha kama anavyoongelesha mtoto, taratibu, akimwambia apumue kwa pua, akimwambia kidogo tu, tata, kidogo tu. Akauona. Ulikuwa umejichoma pembeni, nyuma ya ulimi, ncha ndogo nyeupe inayong'aa. Pince ikaingia. Kapenda akaunguruma. Mwadi alivuta kwa upande ule mwiba ulioingilia, si kwa upande ule mgonjwa alioutaka, na ukatoka.

Aliuweka kwenye kisosi. Wote wanne waliuangalia. Haukufika urefu wa ukucha wa kidole kidogo, nao ulikuwa umefanya kile ambacho mji mzima haukuthubutu: ulimnyamazisha mwenyekiti.

Citoyen Kapenda alimeza mate. Yakapita. Akavuta pumzi kubwa, akainua kidole kumwelekezea Mwadi, akafungua kinywa.

"Usiseme," alisema Mwadi.

Alilisema kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakujua anayo. Kisha akaendelea haraka kabla ya kuogopa. Alisema kidonda kiko wazi. Alisema mgonjwa akisema hata neno moja, kidonda kitapasuka, damu itashuka kwenye mapafu, na hapo hata docteur wa Lubumbashi hataweza kitu. Siku tatu za kunyamaza kabisa, hata kunong'ona hapana, hata kichwa kisitikiswe, kwa ajili ya shingo. Supu ya baridi asubuhi na jioni.

Sasa shikeni hapa, wasomaji wangu. Kapenda alijua huyu ni muuza samaki. Alijua kikombe kilitoka kwenye rafu yake. Alijua bei. Alikuwa ameandika yote hayo kwa mkono wake dakika ishirini zilizopita. Lakini koo lilikuwa linawaka, na mwanamke alikuwa amesimama pale na pince mkononi na kikombe mezani, na kikombe kilisema docteur.

Akafunga kinywa. Cheo alichokiuza kwa vikapu viwili kilimtosha na yeye.

Sergent Likoke alikohoa. Alikumbusha kwamba kamyo inangoja amri ya mwisho ya Président, na saa zinakwenda. Kapenda akaanza kupunga mkono kuelekea barabarani, iende, iende.

"Na mikono ikae chini," alisema Mwadi. "Homa itapanda."

Mama Émerence alikuwa amekwisha kwenda kwenye meza ya kazi ya mume wake. Aliandika mistari miwili kwa mwandiko mzuri wa misheni: Komite inaachilia bantu bote ba kamyo, barudi kwabo. Akachukua cachet, muhuri wa komite, kutoka mtoto wa meza, akagonga. Akaweka karatasi juu ya mapaja ya mume, na kalamu juu yake.

Kapenda hakuigusa kalamu. Aliangalia ukuta.

Mke wake hakupaza sauti. Aliingiza vidole viwili ndani ya blauzi, akaitoa ncha ya ile karatasi iliyokunjwa, akamwuliza Likoke, "Sergent, weye unajua kusoma?"

"Ninajua, mama."

"Ni vizuri."

Citoyen Kapenda alisaini. Alisaini vibaya, wino ukamwagika kwenye suruali, lakini saini ilikuwa yake.

Mlangoni, Mama Émerence alimshika Mwadi mkono. Akamwomba amsamehe kwa Jumapili. Mwadi hakuwa mtu wa kanisa lile na hakujua Jumapili kulikuwa na nini. Alijibu tu kwamba imeisha.

Walifika gare saa nane na nusu. Kamyo ilikuwa juani tangu asubuhi. Watu walikuwa wamekaa juu ya mafurushi yao, wengine na vikombe mikononi, kwa maana kikombe hakikumwokoa kila mtu. Askari wa barrière hawakuwa wanasoma Kifaransa. Walisoma picha.

Ndivyo alivyopatikana Mwalimu Mputu, aliyebatizwa Ézéchias, mwalimu wa shule ya Wamethodisti kwa miaka kumi na saba, mtu aliyewafundisha kusoma nusu ya makarani wa mji. Alipofika dukani, kikombe cha mwalimu kilikuwa kimekwisha kununuliwa na muuza lotoko, ile pombe kali. Kapenda akampa cha fromager, mtengeneza jibini, mtu ambaye Kamina haijapata kumwona. Picha ilikuwa ya duara la njano lililokatwa kipande. Askari aliligeuza huku na huku, akaamua ni gurudumu lililovunjwa, na mtu anayetembea na picha ya gurudumu lililovunjwa katika mji wa treni hawezi kuwa mtu mwema. Mwalimu alijaribu kueleza jibini ni nini. Maelezo yale ndiyo yaliyommaliza.

Likoke alisoma amri. Watu hawakushangilia. Waliangaliana kwanza, wakaangalia bunduki, kisha mama mmoja akatupa furushi lake chini na kulifuata. Wengine wakashuka. Baadhi walikimbia bila kugeuka. Mwadi aliwaona majirani zake wa kisoko, mmoja mmoja, wakipita mbele yake, na mmoja wao, mama mzee wa mihogo, akamgusa shavu.

Mwalimu Mputu alishuka wa mwisho. Alifuta vumbi kwenye suruali, akatengeneza kola, akaja moja kwa moja. Alikuwa mtu wa kweli tupu, na watu wa namna hiyo ni hatari.

"Asante, Mama Mwadi," akasema kwa sauti ya darasani. "Usisumbuke juu ya meza yako ya samaki. Kabla banikamate, niliifunika na bâche. Hakuna mwenye ataiba."

Sergent Likoke alikuwa nyuma ya Mwadi, hatua moja.

Alikunja amri ya komite akaitia mfukoni. Akamwonyesha Mwadi jeep kwa kidole, na safari hii hakumwita docteur.

Walipita mbele ya kisoko. Mwadi aliiona bâche, turubai lililofunika meza yake, na jeep haikupunguza mwendo. Walipita mahali pa kukata kwenda kwake. Haikukata. Walishika njia ya base, na baada ya nyumba za mwisho kulikuwa na majani marefu tu kila upande.

Alifikiria watoto wake. Mkubwa alikuwa na akili, angewapeleka wadogo kwa shangazi. Alifikiria kama gereza la kambi linaruhusu chakula kutoka nje. Kisha akaona kuliko kungoja kuulizwa, aseme mwenyewe.

"Sergent," akasema. "Minyi si docteur. Minyi ninauzisha samaki."

Likoke aliendelea kuendesha.

"Ninajua," akasema.

"Tangu wakati gani?"

"Tangu barrière. Samaki yako njo tunakulaka ku camp. Bibi yangu ananunua wa wiki yote."

Mwadi alimgeukia. Alimwuliza basi kwa nini alimpeleka pale nyumbani, kwa mkubwa, kufanya kazi isiyo yake, mbele ya mtu anayeweza kumfunga.

Likoke alieleza bila kumwangalia. Walimwambia alete docteur. Hakuwa na docteur. Mwadi alikuwa na kikombe. Katika miaka kumi na miwili ya uaskari, alisema, alikuwa ameona makapiteni wasiojua ramani na madereva wasiojua breki, na wote walikuwa na karatasi zao. Hakuona kwa nini mama wa samaki apimwe zaidi kuliko wao. Kisha alivyomwona akinawa mikono hadi viwiko, na akimwongelesha yule mtu vizuri baada ya kung'atwa, aliamua jambo.

Akasimamisha jeep katikati ya njia. Akazima moteur. Kwa mara ya kwanza siku ile Mwadi aliona kwamba sergent huyu alikuwa na uso wa mtu ambaye hajalala.

Mke wake alikuwa anaitwa Bolingo. Hii ilikuwa mimba yake ya kwanza. Uchungu ulianza jana alfajiri. Mkunga yuko naye, Mama Kalenga, mwanamke anayejua kazi na aliyezalisha nusu ya kambi. Lakini dada yake Bolingo alifia mikononi mwa mkunga huko kwao, na tangu asubuhi Bolingo anakataa kuguswa. Anapiga kelele anataka docteur. Mama Kalenga akisogea, anamsukuma kwa miguu. Nguvu zinamwishia.

"Docteur iko Kabongo," alisema Likoke. "Mkunga iko nyumbani. Bibi yangu anataka tu muntu wa kuamini. Weye utashika mukono yake, utasema uko docteur, aache Mama Kalenga atumike. Njo ile tu ninakuomba, mama."

Mwadi alisema Bolingo anamfahamu. Kila wiki anamuuzia samaki.

"Anatuma mutoto wa jirani. Hajakuona."

Upepo ulikuwa unapita kwenye majani. Mwadi aliangalia mikono yake, kidole kimoja bado kina alama ya meno ya Citoyen Kapenda. Kudanganya askari ili usipelekwe pamba ni jambo moja. Kumdanganya mwanamke anayezaa ni jambo jingine, na yeye mwenyewe alikuwa amezaa mara nne, alijua mtu katika saa ile anavyoshika mkono wa mtu na kuuamini kuliko kitu chochote duniani. Ukimwachia, ameanguka.

Alimwuliza Likoke kama Mama Kalenga ni hodari kweli, au ni mume tu anasema. Likoke aliapa kwa mama yake. Akamwuliza kama, mambo yakiharibika, atasema ni nani aliyemleta. Likoke alisema ataenda mwenyewe gerezani, mbele yake.

"Washa moteur," alisema Mwadi.

Kambi ilikuwa kimya. Wanawake walikuwa wamesimama mbele ya nyumba ya tatu, mikono kifuani, na walipoona jeep walifungua njia. Mmoja aliona kikombe, akawaambia wenzake docteur amekuja, na neno likapita kwenye ule mstari hadi ndani. Mwadi aliisikia sauti ya mwanamke kijana kutoka chumbani, imekauka, inauliza kama ni kweli.

"Ni kweli," alijibu Mwadi. Ulikuwa uongo wake wa kwanza siku ile ulioleta machozi.

Baada ya kitambo pazia likafunguka. Mama Kalenga alitoka, mwanamke mfupi mwenye mvi, mikono imelowa. Alimtazama Mwadi kuanzia kitambaa cha kichwa hadi ndala zenye magamba ya samaki, na hakuna alichokosa kuona. Hakucheka. Alisogea karibu kabisa, akaweka kinywa sikioni mwake ili nyumba isisikie.

"Amenikubalia niangalie, juu ya lile jina lako la docteur," alisema. "Nimeangalia. Mutoto anakuja, docteur. Lakini miguu njo imetangulia."